Mafua ya Teto

Hidaya Mgonja hakuitikia shikamoo aliyopewa. Alimwacha mwenyewe amesimama nayo mlangoni, akapita, akaketi kwenye kiti ambacho hakukaribishwa na kuupakata mkoba wake. Aliyeamkia alikuwa Adelina Kokusima, mkurugenzi wa kampuni ya Mwangwi, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyezoea kuitikiwa na kila mtu, hata na milango, maana katika jengo lile milango nayo ilisema ahsante.

"Mama Hidaya, tumekuita kwa heshima," Adelina alisema.

"Mmenitumia gari lenye askari wawili. Heshima yenu inatembea na virungu siku hizi?"

Kwenye neno la mwisho sauti ilimpanda juu kwa hasira, na papo hapo mkufu ukatetemeka shingoni mwake. Ulikuwa mweusi, mwembamba, usio na pa kufungulia. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Hidaya alipoongea kwa sauti yake ya kila siku, nzito na iliyokwaruzwa na umri, mkufu ulilala. Alipoipandisha ikakaribia sauti ya mvulana wa miaka kumi na mmoja, ulitetemeka, na akiifikia yenyewe, ulichoma. Sauti ile ilikuwa mali ya kampuni kwa mujibu wa Sheria ya Sauti, na sheria haikujali kwamba mwizi ndiye aliyeizaa. Alishachomwa mara moja akimbembeleza mtoto wa jirani. Tangu siku hiyo hakumwimbia mtoto yeyote.

Mvulana mwenyewe aliitwa Teto. Alikuwa wa katuni ya Kijapani, mwenye kandili mkononi na nywele zilizosimama, mlinzi wa mlima wake dhidi ya kila aliyetaka kuuchimba. Kwa Kijapani alisemewa na mtu ambaye Hidaya hakuwahi kumwona. Kwa Kiswahili alikuwa yeye, miaka kumi na miwili ndani ya kijumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, macho kwenye mdomo wa mtoto wa kuchorwa. Wasioijua kazi ya kuingiza sauti hudhani ni kusoma tu. Mdomo wa Kijapani umeshafunguka na kufungika, na sentensi ya Kiswahili bado iko njiani. Inabidi uikate, uigeuze, uimeze nusu, na bado mtoto aliyeketi sebuleni aamini kwamba Teto amezaliwa mtaa wa pili. Wavulana halisi hawakufaa kwa sababu walibalehe katikati ya hadithi. Hidaya alikwisha kupita huko.

Na palikuwa na mafua. Kila Teto alipodanganya, mchoraji alimgeuza uso pembeni akaitikisa pua yake kidogo, bila sauti. Ukimya ule ulimkera Hidaya. Akaujaza: kabla ya uongo alivuta kamasi, mara moja, haraka haraka. Hakuna aliyemwagiza. Haukupita muda watoto wa nchi nzima wakawa wamelishika jambo hilo, na mama aliyemshuku mwanawe kuhusu sukari iliyopungua alimwuliza tu, "Una mafua?" Watoto wale sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na ndio waliojaa mjini.

Mwangwi hawakuihitaji katuni. Walitaka masikio ya kizazi hicho. Waliilisha mashine yao rekodi zote za zamani mpaka ikawa na nakala ya koo lile, inayoweza kusema neno lolote kwa sauti ya Teto, kisha wakaining'iniza kwenye vipaza sauti vya kila mtaa. Mwanzoni ilikuwa raha. Teto aliwaambia watu wapange foleni, wakapanga; aliwatuliza vijana waliokuwa wanatoka uwanjani na mawe, wakayatupa mawe chini wakicheka. Halafu Teto akawaambia wachuuzi wa Soko la Mapunda watoke kwa siku moja ili dawa ya wadudu ipulizwe. Waliporudi walikuta uzio. Waliokaa kando ya reli waliambiwa vivyo hivyo wakapata vivyo hivyo. Hidaya aliyasikia yote akiwa jikoni kwake, sauti yake ya ujanani ikiwadanganya watu kwa pua kavu kabisa, na chakula kikimwungulia sufuriani.

"Watu wameacha kuisikiliza nakala," Adelina alisema.

"Nimefurahi."

"Subiri kwanza ndiyo ufurahi." Adelina aligusa meza, na juu yake ikaja picha ya ukuta mkubwa wa zege wenye ufa uliokwenda mshazari kutoka juu hadi chini, maji yakichuruzika. "Huu ni ukuta wa Bwawa la Juu. Mvua kubwa inafika kesho. Chini ya huo ukuta kuna bonde la Kilulu, na Kilulu kumejaa watu. Jana tumewatangazia watoke, wakazomea vipaza. Watoto wakavitupia maganda ya machungwa."

"Picha mnatengeneza wenyewe."

"Tunatengeneza, ni kweli. Hii hatukuitengeneza."

"Basi nipelekeni nikaone."

"Barabara ni mbovu, mvua itakukuta njiani hujafika. Mama, wataalamu wangu wamenieleza tatizo. Nakala haipumui. Inasema dakika nzima haijavuta pumzi hata mara moja, na watu, hata kama hawajui kinachowasumbua, wanasumbuka."

Hidaya aliijua sababu kuliko wataalamu hao. Katika kazi yao pumzi, miguno na vilio vilirekodiwa peke yake, mwisho wa siku, baada ya maneno yote kwisha, ili kumung'unya na kuhema kusiharibu mazungumzo. Yaliwekwa pembeni kwenye faili zake. Mashine ilipokuja, mtu fulani aliziona faili za watu wanaohema na kupiga chafya, akaziita uchafu, akazifuta. Pumzi za Teto zilikwenda huko. Mafua yake yalikwenda huko huko.

Alingoja aone kama Adelina atayataja mafua. Adelina hakuyataja. Mtu huyu alilelewa Ulaya katika shule za bweni, na jioni za Teto hakuzionja hata moja. Wafanyakazi wake waliolelewa hapa walijua, bila shaka, lakini katika jengo ambalo milango inasikiliza, nani angefungua kinywa?

"Nataka uwaambie wewe mwenyewe," Adelina alisema. "Mara moja. Wakikusikia unapumua, watajua."

"Waambie wewe. Una mdomo."

"Mtoto wa kaka yako anakaa Kilulu. Tunu. Ana watoto watatu."

"Usimtaje Tunu."

"Namtaja kwa sababu ukuta haujui kwamba ni mtoto wa kaka yako."

*

Simu yake ilibaki mlangoni; walisema ni mpaka tangazo litoke, watu wasije wakataharuki. Walimpeleka chini, kwenye studio. Nyuma ya kioo, kwenye mashine, alikaa Nassibu Kipande.

Huyu naye tuseme habari zake. Nassibu alikuwa fundi wa sauti wa Teto tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Alijua Hidaya anakunywa chai ya tangawizi bila sukari, alijua kikohozi chake cha kweli na cha kuigiza, na alikuwa mtu pekee aliyekuwa na rekodi zote. Mwangwi walipokuja, hawakuzitafuta mbali. Nassibu aliwafungulia kabati. Yeye akapata kiti chenye magurudumu na kadi ya kuingilia. Hidaya akapata mkufu. Tangu hapo Hidaya hakumsalimu, na walipokutana msibani mara mbili alimpita kama anayepita stuli. Ukimwuliza angekwambia hamchukii. Alimchukia, na chuki yenyewe aliitunza vizuri.

"Habari za siku nyingi, dada," Nassibu alisema kwenye spika.

"Washa mashine."

Kila kilichosemwa mle ndani kilisikika ghorofa ya juu, na wote wawili walijua. Adelina alisimama nyuma ya Nassibu. Aliuzima mkufu kwa muda, na Hidaya akasikia shingo yake nyepesi mpaka akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Karatasi ilikuwa mbele yake: *Wana wa mlima, ni mimi, Teto. Ukuta wa bwawa umepasuka. Tokeni Kilulu leo hii. Acheni vitu, pandeni juu.*

Aliomba maji. Hakuwa na kiu. Alitaka kufikiri, na katika jengo lile mtu aliachwa afikiri wakati wa kunywa maji tu.

Kama ukuta ni mzima, haya ni Mapunda mengine. Watu watapanda kilimani na watoto mgongoni, na nyuma yao uzio. Tunu alijenga nyumba yake chumba kwa chumba, na mumewe alikufa kabla ya chumba cha mwisho kuezekwa. Lakini Hidaya alikuwa na mafua. Kuvuta kamasi mara moja tu, kabla ya neno "ukuta", na Kilulu nzima ingejua. Adelina angesikia mwanamke mzee anavuta kamasi. Hakuna ambaye angemshtaki kwa hilo.

Na kama ukuta umepasuka kweli? Watu wangesikia mafua, wangecheka, wangerudi kupika. Mvua ingewakuta wamelala. Na wangekufa kwa sababu walimwamini yeye, si mashine, yeye, na imani hiyo hakuwahi kuiomba ila ndiyo kazi pekee ya maana aliyowahi kuifanya duniani.

Aligeuza na kugeuza. Mwangwi ni waongo. Hilo halikuwa na mjadala. Lakini mwongo naye bwawa lake linaweza kupasuka. Nyumba ya Tunu ikivunjwa, Tunu atalia, atamtukana, ataanza upya. Watoto watatu wakizama hakuna cha kuanza upya. Akiwa amekosea, bora akosee upande ambao watu wanabaki hai wa kumlaumu. Alipofika hapo aliona amefika mahali, akaweka glasi chini.

Akafunga macho. Akapandisha mabega kidogo kama alivyofanya zamani, akaivuta ile pumzi, na Teto akatoka. Miaka yote ile ya kunyamazishwa, na alikuwa mle mle ndani, mzima, mwenye kandili yake. Alisema maneno yote mpaka mwisho. Alihema palipopaswa kuhemwa. Pua yake ilikuwa kavu.

Nyuma ya kioo Adelina alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Nassibu hakuinua uso.

"Kuna kilichobaki?" aliuliza.

Lilikuwa swali lake la kila siku, la mwisho wa kazi, miaka kumi na miwili. Maana yake ilikuwa: pumzi, miguno, chochote ambacho hatujarekodi, tumalizie twende nyumbani.

"Hakuna," Hidaya alisema.

Nassibu akainua uso. Alimtazama moja kwa moja kupitia kioo, na mkono wake ulikuwa haujaondoka kwenye kitufe.

"Hidaya. Kuna kilichobaki?"

Hakuwahi kuuliza mara mbili. Katika miaka yote hiyo, hata siku ile alipokuwa na homa, hakuwahi. Hidaya aliligundua hilo, na likamchoma. Huyu aliyemwuza amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu anamhimiza atoe zaidi, ampendeze mkuu wake, akamuliwe mpaka tone la mwisho.

"Nimesema hakuna. Ulishachukua kila kitu, unataka na utumbo?"

Nassibu akabonyeza kitufe. "Sawa, dada," alisema, na taa nyekundu ikazimika.

*

Mvua ilinyesha. Kwa hilo Adelina hakudanganya.

Asubuhi Hidaya alipanda kilima cha Kilulu kwa miguu, viatu mkononi, akipishana na watu waliokuwa wamelala nje chini ya maturubai. Walikuwa wametii kweli kweli. Waliacha vitu kama walivyoambiwa. Alimwona mwanamume aliyebeba jogoo tu, na bibi mmoja aliyeshika ufunguo wa nyumba mkononi kama aliyetoka kwenda dukani.

Kutoka juu bonde lilionekana lote. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu yakifika kwenye migomba ya kingoni, kama kila msimu wa mvua. Hakuna nyumba iliyoguswa na maji. Mashine za njano zilikuwa upande wa barabara ya chini, na zilikwisha kuanza na mtaa wa kwanza. Zilizibomoa kuta kwa utaratibu, bila haraka, na nyuma yake watu wenye kofia walichimbia nguzo za uzio. Hidaya alisimama akatazama nyumba ya bati la bluu. Bati la bluu lilikuwa la Tunu. Lilikuwa bado limesimama, na mashine zilikuwa zimebakiza nyumba chache kulifikia.

Alijua. Ukuta haukuwahi kupasuka. Kisha likamjia swali la Nassibu, na safari hii alilisikia lilivyokuwa. Mtu yule hakuwa na njia ya kusema chini ya masikio yale ya ghorofani. Alikuwa na maneno mawili tu ya kazi yao ambayo hakuna mwingine aliyeyaelewa, akayasema, akaona hayakupokelewa, akayarudia. Alikuwa akimwambia avute kamasi. Alimfungulia mlango mara mbili, na yeye akamtukana, kwa sababu chuki yake ilikuwa tayari mdomoni na haikuhitaji kufikiri.

Alimkuta Tunu karibu na kilele, chini ya nguzo ya kipaza, akikunja blanketi lililolowa. Watoto watatu walikuwa wamekaa juu ya godoro moja ambalo mama yao alikaidi akalibeba.

"Tunu."

Tunu aligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Tunu, waliniambia ukuta…"

"Malori ya nguzo tuliyaona tangu juzi," Tunu alisema. Hakupandisha sauti. Alikuwa anakunja blanketi, kona kwa kona. "Yamepangwa barabara ya chini, yamefunikwa. Tukajua. Tukakaa kikao pale kwa fundi cherehani, tukasema hatutoki, watangaze mpaka wachoke. Halafu ile sauti ikaja, ikavuta pumzi."

"Mwanangu, nilifikiri…"

"Ikavuta pumzi, shangazi. Mtaa wote ukasimama. Yule jirani yangu muuza mkaa alilia, mtu mzima yule. Anasema, ni yeye, wamemleta mwenyewe. Mimi nikawaambia wanyamaze. Nikawaambia, yule ni shangazi yangu, namjua, kama ni uongo hatatuacha, atatia mafua. Tulizima redio. Tuliwaziba watoto midomo." Alilibana blanketi kwapani. "Tulisikiliza mafua mpaka mwisho. Hayakuja. Ndiyo tukatoka."

Hidaya alikuwa na sababu zote za jana, zimepangwa vizuri, na zilikuwa sababu za kweli. Bado hata sasa hakuona alipokosea hesabu. Lakini huwezi kumpa mtu sababu wakati nyumba yake inaangushwa nyuma ya bega lako.

Juu yao kipaza kikakwaruza. Kikavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi yake ya jana. Walikuwa wameshailisha mashine, na mashine ilijifunza usiku mmoja. Sasa nakala ilihema vizuri, kwa upole, kama mtoto aliyepanda mlima. "Wana wa mlima," ilisema, "ni mimi, Teto. Kilulu imefungwa kwa usalama wenu. Mabasi yanakuja kuwapeleka mahali pazuri zaidi." Kilimani kote vichwa viliinuka. Watu walisikiliza, wakasikia pumzi, wakaanza kukusanya watoto wao. Watu waliodanganywa jana walikuwa tayari kuamini leo, kwa sababu ilipumua.

Hidaya akasogea chini ya nguzo. Mkufu ulikuwa umewashwa tena, aliuhisi ukisikiliza. Kipaza kikavuta pumzi kwa sentensi ya pili, na kabla haijatoka, Hidaya alivuta kamasi. Kwa nguvu, kama zamani, mara moja, haraka haraka.

Alikunja shingo akingoja kuungua. Hakuungua. Mkufu haukutetemeka hata kidogo. Mashine haikuwahi kuyasikia mafua yale. Yalifutwa na uchafu mwingine, hayakuandikwa kuwa mali ya mtu. Katika Teto mzima, kipande hicho kimoja Mwangwi hawakuwa nacho. Kilikuwa chake siku zote, na hakuna ambaye angeweza kumzuia kukitumia, jana wala leo. Akakivuta tena, na tena, machozi yakimtoka, na mwanamume mwenye jogoo akageuka kumtazama.

Tunu naye alimtazama. Alimtazama kwa muda, kama anayemtafuta mtu katika sura ile. Kisha akainama, akalitwika godoro kichwani, akamshika mkono mtoto mdogo.

"Sasa ndiyo umeshikwa na mafua, shangazi?" alisema, akaanza kuteremka kuelekea mabasi.